Mnara wa simu, eksirei na rimoti ya TV: neno "mionzi" linatuchanganya (uzi mrefu, njoo na chai)

Fundi Ungo (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka kwa walioko Usukumani, na wengine wote salaam.

Jumapili iliyopita mtaani kwetu, huku mlimani kwenye mawe ya Mwanza, palikuwa na kikao. Ajenda kubwa ilikuwa mnara wa simu, maana kuna habari kwamba juu ya kilima wataongeza mwingine. Akasimama mama mmoja muuza dagaa, mtu mzima tunayemheshimu sana, akasema hivi: "Mimi nilimpeleka mjukuu wangu kupigwa picha ya mkono. Yule binti akamkalisha mtoto, akampanga vizuri, halafu yeye akatoka, akafunga mlango mzito, akabonyeza akiwa kule nje. Kama mionzi haina shida, alikimbia nini? Na nyie mnataka kutuwekea hiyo hiyo juu ya vichwa, usiku na mchana."

Makofi. Mwenyekiti akanigeukia mimi, maana ndiye fundi redio na ving'amuzi wa mtaa. Nikasimama, nikasema, "Mama, ile ni tofauti." Akaniuliza tofauti gani, mwanangu? Nikababaika, nikataja "masafa", watu wakacheka, nikakaa.

Aibu ile imenikaa kooni siku tatu. Haya ndiyo niliyopaswa kusema.

Kwanza, mama hakukosea kufikiri. Alichokiona mlangoni ni cha kweli kabisa. Kilichomponza ni Kiswahili chetu. Eksirei tunaita mionzi, simu mionzi, jua mionzi, maikrowevu mionzi, dawa ya saratani pale Bugando tiba ya mionzi. Jina moja kwa vitu ambavyo kimoja kinapenya mfupa na kingine kinashindwa kupita kwenye kiganja chako. Watu wa Tume ya Nguvu za Atomu wana maneno mawili, mionzi ayonisha na mionzi isiyoayonisha, lakini nani ameyasikia sokoni Kirumba?

Sasa, hivi vyote ni ukoo mmoja. Ni mtikisiko wa umeme na usumaku unaosafiri pamoja, na kwenye utupu vyote vina mwendo uleule, kilomita 300,000 kwa sekunde. James Clerk Maxwell alikokotoa hesabu zake kwenye miaka ya 1860 akaona mwendo wa mtikisiko huo unalingana na mwendo wa mwanga, akasema basi mwanga wenyewe ndio huo. Miaka ya 1886 hadi 1888 Mjerumani Heinrich Hertz akayatengeneza mawimbi ya redio kwenye maabara na kuyapokea upande wa pili.

Kinachotofautiana ni urefu wa wimbi. Simama Kamanga kivuko kinapoondoka. Kuna wimbi pana linalokuja taratibu na kuinua mitumbwi, na kuna vile vikunjo vidogo vya upepo juu ya maji, vingi na vya harakaharaka. Maji ni yaleyale. Idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde ndiyo masafa: wimbi likiwa refu masafa ni machache, likiwa fupi masafa ni mengi.

Chukua redio yako ya mfukoni. Stesheni ikiwa FM 100, maana yake ni megahezi 100, yaani mitikisiko milioni 100 kwa sekunde. Gawanya mwendo kwa hiyo idadi unapata wimbi la mita 3. Vuta antena yote, ipime kwa rula: nyingi zinakaribia sentimita 75. Robo ya mita 3! Aliyeikata hakubahatisha.

Masafa ya kati, ile AM ya wazee, wimbi lake ni mamia ya mita. Usiku AM inafika mbali ajabu kwa sababu tabaka la chini la anga ambalo mchana huyameza mawimbi hayo hupotea jua likizama, na mawimbi yakagonga tabaka la juu na kurudi ardhini. Ndiyo maana babu alikuwa anapata stesheni za nchi jirani saa nne usiku na asubuhi hazipo. Si uchawi wa betri mpya.

Maikrowevu ya kupashia chakula: megahezi 2,450, wimbi sentimita 12 hivi. Angalia mlango wake, kuna wavu wenye vitundu vya milimita moja au mbili. Mwanga unapita, unaona ugali ukizunguka, lakini wimbi la sentimita 12 kwa vitundu vile ni kama kupitisha mtumbwi kwenye tundu la wavu wa dagaa.

Ungo wa TV, ile midogo ya siku hizi: gigahezi 11 hadi 12, wimbi sentimita 2.5 hivi. Hapa naomba wateja wangu mnisome vizuri. Mvua kubwa ikipiga, picha ikaganda, usinipigie simu uniambie nimefunga vibaya. Mawimbi mafupi kiasi hicho hunyonywa na kutawanywa na matone ya mvua. Yale maungo makubwa ya zamani, ya futi sita na nane, yalitumia mawimbi ya sentimita 7 hivi, mvua hayakuijali sana. Na dhara hilohilo kwa mwingine ni riziki: rada ya hali ya hewa ya TMA hapa Mwanza inatuma mawimbi kwa makusudi yagonge matone na kurudi, ndipo inajua mvua iko wapi ziwani.

Halafu rimoti. Fanya sasa hivi: fungua kamera ya mbele ya simu, ile ya selfi, elekeza ncha ya rimoti, bonyeza kitufe. Utaona kijitaa kinawaka rangi ya zambarau iliyopauka. Jicho lako halioni kitu, kamera inaona. Hiyo ni infraredi, wimbi chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa kuweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu ya upinde wa mvua, pale panapoonekana hakuna kitu, akakuta ndipo penye joto zaidi. Joto unalolisikia usoni ukiwa umesimama mbali na jiko la mkaa ni hiyohiyo.

Baada ya hapo ndipo unakuja mwanga tunaouona, kipande chembamba mno cha ukoo wote. Kisha UV, ile ya jua inayochoma ngozi, kisha eksirei, kisha gama.

Na mlango wa yule binti? Nishati ya mionzi huja kwa vipande vipande, vinaitwa fotoni. Wimbi likiwa fupi, kila kipande kina nguvu zaidi. Fotoni ya eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye mwili, na hapo vinasaba vinaweza kuharibika. Huko ndiko kuayonisha. Fotoni ya simu ya megahezi 900 ni dhaifu kuliko ya eksirei kama mara bilioni kumi hivi. Hata zikija nyingi namna gani, hakuna moja inayoweza kung'oa. Ni sawa na kuwapanga sisimizi milioni waruke ukuta mmoja mmoja: idadi haisaidii. Ziwe nyingi sana zinapasha joto tu, kama kwenye maikrowevu.

Mwenye swali karibu.

Sumbua Kichwa

Fundi umeandika vizuri ila usitufunge kamba. Mbona WHO walisema simu inaweza kuleta kansa? Na wewe unalipwa na kampuni gani?

Fundi Ungo

Mkuu, ningelipwa ningekuwa naandikia uzi kwenye simu iliyopasuka kioo?

Jibu la haki: mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, IARC, iliyaweka mawimbi ya redio kundi 2B, maana yake "huenda", ushahidi haujatosha kusema ndiyo. Eksirei, gama na mionzi ya jua viko kundi la 1, ushahidi kamili. Kwa hiyo ukisema 2B, sema na kundi la 1 lina nani. Jua unalouzia mahindi ya kuchoma limo.

Na kitu kingine ambacho watu wanakigeuza. Antena za mnara zinatupa mawimbi kwa mbele, kuelekea mbali, haziyamwagi miguuni pake. Tena nguvu inapungua haraka kadiri unavyokwenda: umbali mara mbili, nguvu robo. Simu yako iko sentimita moja kutoka kichwani. Na mnara ukiwa mbali, simu inapandisha sauti yake, ya 2G kwenye megahezi 900 hufika hadi wati 2, ndiyo maana inachemka na chaji inaisha ukiwa kijijini. Kwa hiyo kufukuza mnara kunaongeza mawimbi kichwani kwako, hakupunguzi. Anayepaswa kuogopa mnara ni fundi anayepanda na kukaa mbele ya antena huku imewashwa. Huyo anaweza kuungua kweli.

Mpiga Picha wa Mifupa

Nimecheka hapo kwa binti aliyekimbia, maana ndiyo kazi yangu. Naomba nimtetee.

Mgonjwa anapigwa picha moja, labda mbili kwa mwaka. Picha ya kifua ni sawa na mionzi ya asili ya siku kadhaa, ile tunayoipata wote kutoka ardhini na angani. Lakini mimi kwa siku napiga watu arobaini. Nikibaki ndani kila mara, kwa mwaka nimejipiga maelfu. Natoka kwa sababu ya hesabu yangu, sio kwa sababu ya mjukuu wa yule mama. Na kifuani navaa kibeji kinachopima nimepata kiasi gani. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na Desemba akampiga picha mke wake mkono, dakika nyingi, hakuna aliyejua. Wa mwanzo wengi waliungua vidole.

Niongeze mawili ambayo wajawazito wananiuliza kila wiki. Utrasaundi sio mionzi. Si eksirei, si redio, si chochote kwenye ukoo wa Fundi. Ni sauti, ila nyembamba mno sikio halisikii. Na MRI, ile mashine ya kelele inayotisha, inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Ile yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 inafanya kazi kwenye megahezi 64 hivi, jirani kabisa na FM. CT ndiyo eksirei, tena nyingi kuliko picha ya kawaida, usiiombe kwa sababu tu kichwa kimeuma jana.

Karabai la Igombe

Fundi, mimi mvuvi, maswali mawili. Moja, tukiwa ndani sana kuelekea visiwa vya mbali simu inaonyesha vijiti viwili, vitatu, ukipiga haiendi. Mtandao unatuibia? Mbili, hizi taa. Tumetoka karabai tumekuja taa za sola. Kuna wanaosema za bluu ndizo dagaa wanazipenda, wengine kijani. Ipi?

Fundi Ungo

Mzee wa ziwa, la kwanza jibu lake ni zuri. Kwenye nchi kavu, milima na miti vinaua mawimbi kabla hayajafika mbali. Ziwani hakuna kizuizi, ukiwa unauona mnara wa juu ya kilima nao unakuona, hata kilomita arobaini. Lakini 2G ilipangwa hivi: kila simu ina zamu yake ya kusema, vipande vidogo vya muda. Ukiwa mbali, sauti yako inachelewa kufika na kuingia kwenye zamu ya mwenzako. Mnara unakuambia uanze mapema kidogo, na mapema hiyo ina hatua 63, kila moja karibu mita 550. Zidisha. Kilomita 35 hivi. Ukivuka hapo mnara unakufikia ila wewe huwezi kuingia foleni. Tena mnara unapaza kwa wati makumi, wewe unajibu kwa mbili. Unamsikia mtu mwenye spika, yeye hakusikii.

Kwa hiyo huko usitegemee simu peke yake kwa uokoaji. Sema GPS itakufanyia kazi hukohuko, hata vijiti vikiwa sifuri, kwa kuwa yenyewe inapokea tu kutoka satelaiti zilizo kilomita 20,000 juu, haijibu. Weka alama ya nyavu zako bila bando.

La pili, nipe dakika, maana hapa ndipo ninapopapenda mimi.

Maji yanachuja rangi. Baharini, kwenye maji safi, nyekundu inakufa kwanza, mita chache tu, na bluu inabaki hadi chini. Ziwa letu sivyo. Lina mwani, tope na maji yaliyochujwa kwenye majani na udongo, na hivyo vinameza bluu. Kadiri unavyoshuka, mwanga unaobaki unaelekea njano na nyekundu. Taa ya bluu inayosifiwa na wa baharini, kwenye maji ya kijani ya ghuba yetu haiendi mbali. Ile nyeupe ya LED kwa ndani ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa manjano, ina mchanganyiko, ndiyo maana inafanya kazi pote. Karabai nalo lilikuwa jiko zaidi kuliko taa: mafuta mengi yaliishia kwenye joto, mwanga kidogo. Wewe mwenyewe unajua ulikuwa unakaa upande gani wa mtumbwi usiku wa baridi.

Na sikilizeni hili, limefanyiwa utafiti hapahapa Ghuba ya Mwanza. Kuna furu wawili, samaki wadogo wa ziwani, ndugu wa karibu. Mmoja dume lake ni la bluu-kijivu, anakaa kwenye mawe karibu na uso wa maji. Mwingine dume ni jekundu, anakaa chini kidogo, na jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, ndiyo, kwa heshima ya Mwalimu. Macho ya yule wa chini yameelekea kuona nyekundu vizuri zaidi, na jike anamchagua dume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, rangi zinapotea, jike hamtofautishi nani ni nani, na aina za furu zinachanganyika. Tunasema sangara alimaliza furu, na ni kweli alikula sana. Lakini pia tuliwazimia taa. Mbolea na maji taka vilileta mwani, mwani ukala bluu, bibi arusi akakosea bwana.

Karabai la Igombe

Hahaha bibi arusi. Furu wa mawe yale mekundu ninayajua, tunayavua karibu na visiwa vidogo. Sikujua yana jina la Baba wa Taifa, nimeyakaanga sana, anisamehe.

Binti Kirumba

Mmeongelea mnara kurasa mbili, UV kifungu kimoja. Mdogo wangu ana ualbino. Kwetu mionzi sio mjadala.

Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya kuchuja ni kidogo kuliko Dar. Mawingu mepesi hayazuii UV, na upepo wa ziwa unakudanganya kwamba jua si kali kwa sababu husikii joto. Joto ni infraredi, kinachochoma ngozi ni UV, hivi viwili havitembei pamoja. Mdogo wangu aliungua siku ya wingu, ufukweni, tukiwa tumevaa masweta. Malengelenge mabegani.

Kofia pana, mikono mirefu, saa nne hadi saa kumi kivulini. Krimu ipo inayotengenezwa kwa ajili yao kule KCMC Moshi, inaitwa Kilisun, ulizeni hospitali. Na shuleni mtoto akae mbali na dirisha lisilo na kioo, walimu mnaosoma hapa.

Fundi Ungo

Dada, umenifunza, na umesema kweli, nimepita hapo kama mwizi. Nilipe deni kwa kisa changu.

Kabla sijawa fundi wa ving'amuzi nilijifunza kuchomelea, karakana moja Nyakato. Kioo cha kujikinga kilikuwa kimoja, cha bosi. Sisi tulifumba jicho moja tukageuza uso. Siku hiyo tulifunga geti zima. Jioni niko salama, nimekula, nimelala. Saa nane usiku nikaamka nadhani mtu amenimwagia mchanga machoni. Siwezi kufungua, siwezi kufumba, machozi yanatiririka. Mama mwenye nyumba akaleta vipande vya viazi mbichi, jirani akaleta maziwa. Asubuhi kwenye zahanati nikaambiwa ni UV ya ule moto, imeunguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, na kawaida yake ni kuuma saa kadhaa baadaye ndipo ujute. Ilipoa kwa siku mbili. Viazi sidhani vilifanya kitu zaidi ya ubaridi.

Kwa hiyo wachomeleaji: kioo cheusi chenyewe, sio miwani ya jua ya elfu tatu. Miwani nyeusi isiyo na kinga ya UV inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, maana mboni inapanuka gizani humo na kuipokea zaidi. Wavuvi nanyi, ile nyama inayoota pembeni ya jicho na kusogea katikati inahusishwa na hiyohiyo UV, na maji yanairudisha usoni kutoka chini hata ukivaa kofia.

UV ina wema wake pia. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, maji yasiyo na tope, ilaze juu ya bati kwenye jua kali kwa muda wa saa sita nzima: wadudu wengi wa kuhara wanakufa. Siku ya mawingu iache siku mbili. Maji ya ziwa ya kijani yachuje kwanza, la sivyo UV haifiki ndani, kisa kilekile cha furu.

Sumbua Kichwa

Nimejaribu rimoti na kamera. Kamera ya nyuma haikuona, ya mbele imeona. Na nimegundua rimoti yangu ni nzima, kilichokufa ni TV. Asante kwa kuniharibia jioni.

Fundi Ungo

Ya nyuma mara nyingi ina kichujio cha infraredi, ndiyo maana nilisema selfi. TV ilete.

Mrejesho wakuu. Leo nimekwenda kwa yule mama, nimemkuta anageuza dagaa kwenye chanja. Nikamsalimu, nikamwomba radhi kwa kubabaika kikaoni, nikatoa rimoti mfukoni na simu. Akabonyeza mwenyewe mara tano, anatazama kijitaa, anatazama rimoti, anatazama kijitaa. Akasema, "Kumbe hii simu inaona kuliko mimi." Nikamweleza habari ya binti na watu arobaini kwa siku, akaitikia, akasema hiyo ina akili.

Halafu akaniketisha. "Mwanangu, mionzi niliisema kwa sababu ndilo neno wanaloliogopa wakubwa. Shida yangu ni jenereta la ule mnara wa zamani. Umeme ukikatika linanguruma nyuma ya dirisha langu hadi alfajiri, na moshi unaingia kwenye dagaa. Nimelalamika mara tatu, nikaambiwa ni taratibu."

Sikuwa na la kumjibu tena. Wakuu, malalamiko ya kelele na moshi yanapelekwa wapi?

Binti Kirumba

NEMC, wale wa mazingira, ofisi ya kanda ipo hapahapa Mwanza. Aandike barua, nakala kwa mtendaji wa kata. Aandike "jenereta", asiandike "mionzi".